Kifua Kikuu na Damu ya Nyumba Yetu

Mama alinituma Ruiru nikamrudishe nyumbani ndugu yangu Wekesa. Baba yetu alikufa kwa kifua kikuu nilipokuwa darasa la sita, na baba mdogo akamfuata kwa ugonjwa huo huo. Sasa Nelima, mke wa Wekesa, alikuwa amepiga simu kusema mumewe naye amepatikana nao. Mama hakulia. Alisema damu ya nyumba yetu imeharibika, na kama Wekesa ni wa kufa, basi afie kwao. Nikafunga kibanda changu cha ushonaji pale Webuye, nikapanda basi Alhamisi asubuhi.

Njia nzima niliwaza jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu. Baba alipokuwa akikohoa, mimi ndiye niliyelala chumba chake nikimpa maji. Wekesa, aliyekuwa mdogo, alipelekwa kwa nyanya. Mbona mimi nilibaki mzima, akaja kuugua yeye?

Ruiru nilifika jioni. Nelima alinipokea stejini akanipeleka kwenye ploti yao, chumba kimoja ghorofa ya pili, dirisha wazi ingawa kulikuwa na baridi. Wekesa alikuwa ameketi nje mlangoni na maski usoni. Alikuwa amekonda hadi saa ilimshuka mkononi. Hakunipa mkono. Aliniambia nisikae karibu, nami nikavuta stuli nikakaa papo hapo, penye hewa ya nje.

Tulipokuwa tukila, Nelima alinieleza kwamba baba yake naye anamtaka arudi kwao na mtoto wao Neema, wa miaka minne, kwa sababu ameolewa kwenye ukoo wenye ugonjwa wa damu. Alisema hivyo akitazama sahani.

Ijumaa asubuhi tulienda sote Thika, kwenye kliniki iliyo karibu na Eneo la Viwanda, Wekesa alikokuwa akifanya kazi ya kupakia unga na alikoanzishiwa dawa. Daktari alikuwa mama wa makamo aitwaye Wanjiru. Nilimuuliza waziwazi kama ugonjwa huu uko kwenye damu yetu.

Hakunicheka. Alieleza kwamba mdudu wa TB huenezwa kwa hewa, na kwamba wengi wanaomvuta hawaugui kamwe, kwa kuwa miili yao humdhibiti. Wengine huugua kwa sababu ya lishe duni, sigara, vumbi la kazini, au ugonjwa mwingine. Na ndiyo, alisema, zipo tofauti ndogo ndogo tunazorithi kwa wazazi zinazofanya mwili wa mmoja upambane vizuri kuliko wa mwingine, hata wakiwa ndugu wa tumbo moja.

"Kwa hivyo ni damu," Wekesa akasema polepole.

"Ni sehemu tu, Baba Neema. Na hiyo si hukumu ya kifo. Ukimeza hizi dawa hadi mwisho, zitakuponya kama zinavyomponya mtu mwingine."

Alimpima Neema, akamkuta mzima, akamwanzishia dawa za kumkinga. Kisha, nilipomweleza kwamba nilimuuguza baba, akanijulisha kwa watafiti waliokuwa wakichukua damu ya watu walioishi na wagonjwa bila kuugua, ili wajue ni nini kilichowakinga. Walinieleza kwamba sitapata jibu langu binafsi. Hata hivyo nilitoa damu. Hapo ndipo nilipowaambia Wekesa na Nelima kuhusu chumba cha baba, na swali nililokuwa nalo miaka yote.

"Dada," Wekesa akasema, "ungeugua wewe nani angenilipia shule?"

Tulipotoka nje Nelima alimpigia baba yake simu, akamwambia kwa heshima kwamba hatarudi.

Jumapili nilirudi Webuye peke yangu, nikimwacha Wekesa amalize dawa zake. Mama aliniona getini akatafuta mtu nyuma yangu. Nilimkalisha nikamsimulia yote, kuanzia hewa hadi dawa za miezi sita.

"Baba yako aliacha dawa akiwa mwezi wa tatu wa kuzimeza," akasema. "Alikuwa amepata nafuu, na zilikuwa zinamtapisha. Mimi ndiye niliyemwambia apumzike kuzimeza."

Miaka yote hiyo nilidhani mama anailaumu damu ya baba. Safari ile ilinifunza kwamba kuilaumu damu kulikuwa kwepesi kwake kuliko kujilaumu. Nilimshika mkono. Baadaye aliomba simu yangu, akampigia Wekesa, wala hakumsalimu kwanza.

"Mwanangu," akamuuliza, "ya leo umemeza?"