Kiondo Kilichouzwa Zaidi ya Mara Moja

Mimi niko na mdomo, sifichi. Siku ya harambee mdomo huo uliniponza.

Binti yangu ana usonji. Ni mtu mzima, ana miaka ishirini na minne, na kwa muda mrefu alikuwa hatoki nyumbani, anashinda chumbani akijiuma vidole. Kisha tukapata kikundi cha Jumamosi hapa Machakos mjini: vijana kama yeye, mshauri wa kuzungumza nao, ususi wa vikapu na chai. Wee, akaanza kunitangulia mlangoni! Mwenye ukumbi alipopandisha kodi, sisi wazazi tukaona bila harambee kikundi kimekwisha.

Binti akatoa kiondo alichosuka kwa miezi minne. Nikamwambia, "Kitauzwa, na atakayenunua ataenda nacho." Nilisema bila kufikiri, na yeye ukimwambia jambo ameliweka.

Nani asiyejua mnada wa harambee? Mama mmoja muuza nyanya akakinunua, akapigiwa makofi, na kama ilivyo desturi yetu akasema, "Narudisha, kiuzwe tena." Mwalimu akakinunua, naye akarudisha. Wageni kutoka Syokimau wakaanza kushindana, mshereheshaji akipaza sauti kwenye spika. Nilikuwa na furaha, kodi ilikuwa inapatikana.

Binti akainuka. Akakichukua kiondo mezani, akampelekea yule mama wa nyanya, akamwekea mapajani.

"Ni chako. Ulinunua."

Watu wakacheka. Mshereheshaji alipokuja kukichukua, binti akakishikilia na kupiga mayowe. Aibu ikanipanda kichwani. Nikamnyang'anya mbele ya watu wote. "Keti chini! Unatuharibia!"

Aiya! Nilimwahidi mimi mwenyewe, kisha nikamgombeza kwa kuniamini. Hiyo inaniuma mpaka leo.

Kiondo kiliuzwa tena mara mbili. Kodi ya mwaka mzima ikatimia, wazazi wenzangu wakanikumbatia.

Jumamosi iliyofuata nilimpigia pasi nguo zake, lakini hakutoka chumbani. Wala Jumamosi iliyofuata hiyo. Nimemwomba msamaha, nikarudia. Ananisikiliza akiangalia ukuta. Ukumbi umefunguliwa, mshauri yuko, chai iko. Mimi huenda peke yangu kusaidia kupika.

Juzi kijana mmoja wa kikundi aliniuliza binti yangu atarudi lini. Nikamwambia ana homa.