Mgomba wa Maloba

Kila Agosti saba, redio za upande wa Kenya zinapowakumbuka waliouawa na bomu la Nairobi, Benedeta wa Masinya, ng'ambo ya mpaka huku Uganda, hufagia chini ya migomba iliyo nyuma ya nyumba yake.

Mwanawe Maloba alikwenda Nairobi kutafuta kazi, na baada ya bomu lile mwili wake haukuonekana. Mfu ambaye maiti yake haikupatikana huzikiwa kipande cha shina la mgomba badala ya mwili, ndiyo mila. Lakini vijana waliotumwa, kwa uvivu wao, wakaleta mgomba mzima na mizizi yake, ukazikwa hivyo hivyo. Mvua za kwanza tu, kaburi likachipua.

Benedeta aliwaka. Padri akasema ukatwe, wazee wakasema usiguswe, kisha wote wakaenda zao wakamwachia panga mkononi.

Leo amefika Felistus, mchuuzi wa ndizi anayevuka kutoka Busia ya Kenya.

"Mama, mikungu inaozea juu. Si uniuzie?"

"Hiyo haiuzwi."

"Basi kuleni wenyewe."

"Hailiwi."

"Sasa ni ya kazi gani?"

Maloba alikufa kijana, hakuoa, hakuacha hata mtoto wa kusingiziwa. Mgomba wake ndio unaozaa, mwaka hadi mwaka, mpaka machipukizi, watoto wake, wameuzunguka ukuta wa jiko. Asubuhi hii mwingine ametokeza kichwa pale pale mlangoni.

Benedeta akainama na ufagio wake, akafagia kumzunguka.