Juala Lililokataa Kuoza

Baba alipofariki alituachia mti wa makadamia kando ya lango, kwetu Meru. Mwaka uliofuata upepo ukaung'oa. Kabla matawi hayajakauka, mama alikata vikonyo na kuvipandikiza kwenye miche michanga, kazi aliyojifunza katika kikundi chao cha akina mama. Michache ikashika. Hatukuwa na kitu kingine cha mti ule.

Majuala ya kuoteshea miche hiyo aliyanunua sokoni Gakoromone. Yalikuwa ya kijani, yamechorwa jani na kuandikwa kwamba ni rafiki wa mazingira.

“Hii hupasui, mathe,” muuzaji alimwambia. “Unapanda nayo tu hivyo. Inaoza, inakuwa mbolea.”

Mama alifurahi kweli. Siku ya kuhamishia miche shambani ndiyo humtoa jasho, kwa sababu sisi hupasua juala kwa wembe, na udongo ukimwagika mizizi hubaki wazi. Safari hii alichimba, akatumbukiza, akafukia, akaenda zake kunywa chai.

Mvua ikanyesha ikaisha. Miche ikadumaa, majani yakawa manjano. Nilipokuja kutoka Embu, ninakofanya kazi, nilimkuta amenyong'onyea.

“Nimeua mti wa baba yenu,” aliniambia.

Mimi nilishuku lile jani. Picha za majani kwenye bidhaa hunipandisha hasira. Siku hizi hata sabuni ya choo imechorewa msitu. Nikachukua jembe, nikafukua mche mmoja. Juala likatoka zima, linang'aa, maandishi yote yanasomeka, na ndani mizizi imejisokota ikitafuta njia.

“Kumbe hii kitu haiozi!” Mama alishika kiuno. “Huyo kijana nikimpata, namzika na juala yake tuone nani ataoza kwanza.”

Tulicheka hadi jirani akachungulia. Kisha tukafukua miche yote, tukaivua majuala, tukanyoosha mizizi pole pole na kuirudisha udongoni. Majuala mama aliyaosha akayaanika uani, maana hatupi kitu kizima. Mpaka leo anaoteshea sukumawiki humo.

Mvua iliporudi nilikuwa nyumbani kwangu mtaa wa Majimbo, huko Embu, naanua nguo, simu ikalia. Mama hakunisalimu wala kuuliza watoto.

“Baba yenu ametoa majani,” alisema.

Nilifurahi hadi nikaketi chini pale pale, nguo mbichi mapajani.