Siku Mume Wangu Alipokubali Kuwa Mwendawazimu

Kwetu Bungoma mwanamume na mama mkwe wake hawaonani uso kwa uso. Hawapeani mkono, hawaketi chumba kimoja, na wakikutana njiani mmoja lazima ampishe mwenzake. Hiyo si chuki, ni heshima, na mume wangu alikuwa na heshima kupita kiasi. Wanaume wengine hugeuza uso wakapita. Yeye alikuwa akiruka.

Miaka hiyo, kabla ya uhuru, tuliishi kwenye shamba la mzungu mahali paitwapo Kwanza, karibu na Kitale, na mume wangu ndiye aliyeendesha gari la ng'ombe la kubeba mahindi. Asubuhi moja mama yangu alikuja kunitazama, maana nilikuwa nimejifungua. Hakutuma habari mbele. Mama yangu hajawahi kutuma habari mbele maishani mwake. Mume wangu alipokata kona, huyo hapo, karibu kabisa. Akatupa mjeledi, akajifunika koti kichwani, akajirusha ndani ya mahindi. Ng'ombe, ambao hawana wakwe, waliendelea na safari mpaka kwenye bustani ya memsahibu, mke wa mzungu, wakafanya karamu ya maua.

Mzungu wetu alikuwa mgeni nchini. Alimkuta mume wangu amelala kifudifudi, koti kichwani, akamwuliza ana nini. Akazidi kujifunika. Mtu mwenye adabu hamtaji mama mkwe wake ovyo mbele ya mgeni. Kufikia jioni alikuwa amefungiwa chumbani hospitalini Kitale.

Kesho yake nilifika huko, mtoto mgongoni, hasira kifuani. Karani wa hospitali, mtu wa pwani mwenye Kiswahili kilichopigwa pasi, akanieleza sheria. Mtu akishukiwa wazimu, daktari humpima, kisha hakimu humsikiliza, na hakimu akiridhika mtu hupandishwa treni mpaka hospitali ya wendawazimu Nairobi. Lakini mgonjwa akikubali mwenyewe kwenda kutibiwa, basi mambo huwa mepesi kwa kila mtu.

"Na atarudi lini?" nikauliza.

"Atakapopona, mama."

"Na kama si mgonjwa, atapona nini?"

Karani akakuna kidevu. "Hilo sheria haikulifikiria."

Usiku huo sikulala. Nairobi kwangu ilikuwa mahali watu walikokwenda wakageuka kuwa hadithi. Nilitaka mzee wa kwetu aje aeleze mila, lakini wanaume wote walikuwa kazini na bwana mwenye shamba hakutaka kuwaachilia. Mama akasema atakuja yeye. Nikamwambia akija atakaa nje, asikanyage ndani hata kidogo. Akakubali. Ningekumbuka kukubali kwa mama yangu ni kitu gani, ningemfunga kamba.

Hakimu alikuja akaketi katika chumba cha daktari. Mume wangu alikuwa kwenye benchi katikati ya askari wawili. Nikaeleza yote, karani akatafsiri. Hakimu alinisikiliza kama mtu anayeambiwa fisi amevaa viatu, kisha akauliza swali, na karani akanigeukia: "Anauliza, mwanamume mzima kama huyu anamwogopa bibi kizee?"

Mama alikuwa amebandika sikio mlangoni. Neno "kizee" lilimshinda. Akausukuma mlango.

"Kizee gani? Si ndio mimi hapa, bana! Muniulize mimi!"

Humo hamkuwa na mahindi. Mume wangu aliingia chini ya meza ya hakimu, akavuta kitambaa cha meza akajigubika, wino ukamwagika. Daktari aliona hapo ndipo pa kumuuliza. Akainama, na karani naye akainama kutafsiri: "Je, unakubali kupelekwa Nairobi ukatibiwe?"

"Nakubali!" sauti ikatoka chini. "Nipelekeni hata saa hii! Nipelekeni hata Uganda! Mnitoe tu humu!"

Hakimu akachukua kalamu.

Nafikiri wazimu ulinipanda mimi sasa. Niliipiga ile meza kwa kiganja. "Ati amekubali? Amekubali nini? Bwana karani, mwambie hivi: mtu akiwa ndani ya nyumba inaungua, ukimwuliza kama ataruka dirishani, atasema ndiyo. Si ati anapenda dirisha! Toeni huyu mama nje, halafu mumuulize tena, pole pole, akiwa ameketi."

Karani akatafsiri, na nadhani aliongeza ya kwake, maana alichukua muda. Hakimu akaiweka kalamu. Askari wakamtoa mama, naye akiwafundisha adabu mpaka barazani. Mume wangu akajitokeza, wino shavuni, akaketi.

Hakimu akamwuliza mwenyewe, kwa Kiswahili chake cha mashambani: "Wewe nataka nini?"

Tangu akamatwe alikuwa ameulizwa jina, kabila na kama anasikia sauti. Hilo hakuna aliyemwuliza. Akaitazama mikono yake. Wanaume wa rika lake hawakuwa watu wa kuwazungumzia wake zao hadharani. Wakizidiwa sana husema "watu wa nyumbani", kana kwamba ni ukoo mzima.

"Sitaki Nairobi," akasema. "Nataka kurudi kwa huyu mama ya mtoto wangu. Nimemzoea."

Hakimu akasema aende. Lakini mimi sikuweza kuinuka. Katika ndoa yetu yote mume wangu hakuwa amenipa neno tamu kama hilo, na ilibidi serikali imkamate ndipo alitoe. Nikalia palepale mbele ya wote, na karani akaniinamia akaniuliza kwa upole kama machozi nayo ayatafsiri.