Barua Zilizokuwa Kapuni

Wateja walimwita Fundi Pindo, kwa kuwa pindo aliloshona yeye lilidumu kuliko sketi yenyewe. Kwa miaka ishirini na sita alishona sare za shule katika chumba cha mbele cha nyumba yake, cherehani ikitazama dirisha. Chini ya meza, karibu na mguu wake wa kulia, lilikaa kapu la vipande. Asiyejua kushona angedhani ni la kutupia taka. Fundi hakuwahi kutupa kitu humo. Humo ndimo ilimotoka mifuko, na kola, na viraka vya magoti ya watoto watundu. Vitambaa vya wateja vilikaa rafuni. Vyake mwenyewe vilikaa kapuni.

Jumamosi moja mchana mpwa wake aliingia na kompyuta mpya kwapani. Alikuwa mtoto wa marehemu mdogo wake, karani wa masjala, mtu wa mafaili. Kila Ijumaa kabla ya kufunga ofisi alihakikisha meza ni tupu na kapu la taka ni tupu, la sivyo Jumamosi na Jumapili zilimkaa vibaya.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Hilo sinia umelitoa wapi?"

"Kompyuta yako hii. Ile ya zamani inanguruma kama mashine ya kusaga."

Fundi aliifuta mikono kwenye kanga, akaigusa kompyuta kwa ncha ya kidole. "Asante, baba. Nina sharti moja tu. Barua zangu zisipotee."

"Za wateja?"

"Barua zangu," alisema, akainama kutunga uzi.

Karani alisogeza vipande vya kitambaa, akakaa. Palikuwa na programu tatu za barua pepe za kuchagua, naye alizieleza moja moja, kama anayesoma kumbukumbu za kikao. Ya kwanza ilitaka mtandao muda wote.

"Hapa kwangu mtandao ni mgonjwa wa kudumu," fundi alisema. "Iache."

Ya pili ilikuwa ya maofisini, ina kalenda na kengele za kukumbusha mikutano.

"Mikutano ya nani? Mimi na cherehani?"

Ya tatu huzivuta barua zote na kuziweka ndani ya mashine, zisomeke mtandao uwepo usiwepo. "Halafu inajisafisha yenyewe," karani aliongeza, uso umemchangamka. "Kila ukiifunga, inatoa uchafu wote."

"Basi umempata pacha wako. Wewe mtu hajamaliza kula, ushaiosha sahani."

Walicheka wote wawili. Karani aliichagua hiyo ya tatu, akaweka alama ya vema kwenye kile kisanduku cha kujisafisha, barua zikaanza kuingia. Zilipokoma, alizitazama: za walimu wakuu, za muuza vitambaa. Kumi na moja.

"Kumi na moja tu! Mama mkubwa, kwa unadhifu huu ungefaa masjala."

Fundi alitabasamu bila kuinua macho kwenye pindo. Karani akaifunga programu, apate kumwonyesha inavyofunguliwa. Kimstari cha maneno ya buluu kilipita chini ya kioo, kikaisha kabla hajakisoma.

"Unaona? Unabonyeza hapa, inafunguka."

"Nimeona. Sasa nifungulie zangu."

"Ndizo hizi."

"Hizo za shule. Zangu ziko kwenye kapu."

"Kapu lipi?"

Fundi aliinuka, akaweka kidole pembeni mwa kioo, juu ya kijipicha cha kapu dogo. Karani akabonyeza. Pakatokea uwanja mweupe, na katikati yake maneno mawili: Hakuna kitu.

Alibonyeza tena. Akabonyeza mara ya tatu, polepole, kama anayebisha mlango wa mtu mzima aliyelala.

"Mama mkubwa, hili ni la taka. Nani anaweka barua kwenye taka?"

"Taka gani? Wamechora kapu. Nami nikitaka kitu kisipotee nakitia kapuni. Ile ya zamani haikuwahi kunigusia hata moja."

"Zilikuwa za nani?"

Fundi alivua kidoleni kastabini ya kumkinga na sindano, akaiweka mezani. "Za mama yako."

Karani aliondoa mkono kwenye kompyuta. Miaka miwili mama yake alikuwa akitibiwa katika mji mwingine, ugonjwa wa koo umemnyang'anya sauti, akawa anaongea kwa kuandika. Na yeye, mwanawe, aliandikiwa pia. Alizisoma, akazijibu, na mwisho wa mwaka akazifuta pamoja na matangazo, kama alivyofuta kila kitu. Hakubaki na hata moja. Wala hakujua kwamba nyingine zilikuwepo duniani, mpaka dakika hii alipozimaliza kwa mkono wake.

Alipiga simu kwa kampuni ya mtandao. Dada aliyepokea alikuwa mpole. Zikifutwa huko, alisema, na kwetu zimefutwa. Karani alibaki na simu sikioni hata baada ya kukatika.

"Ulizijibu?" aliuliza ghafla.

"Chache. Mimi kuandika naenda mwendo wa konokono. Nyingi nilimjibu kwa mdomo, nilipokwenda kumwona."

Karani alifungua barua zilizotumwa. Za kwenda kwa mama yake zilikuwepo tisa. Katika ya kwanza Fundi Pindo alikuwa ameandika neno moja: *Nimekuelewa*. Na chini yake, kwa kuwa kila jibu huburuta barua iliyojibiwa, palikuwa na maneno ya mama yake.

*Dada, leo nimewaambia madaktari basi. Dawa nimeacha. Si kwa hasira, nimechoka tu kuchomwachomwa. Mtoto usimwambie. Ana usaili wa kazi wiki ijayo, na akijua ataususa aje kunipangia vidonge kwa rangi.*

Aliisoma akafika mwisho, akarudi juu. Kazi aliyokuwa nayo mpaka leo ndiyo hiyo ya usaili huo.

"Ulijua."

"Nilijua. Alinishika mkono nikaahidi."

"Na mimi wiki hiyo nilikuwa nazunguka madukani natafuta tai!"

"Aliniuliza ya rangi gani."

Karani aligeuka akamtazama. Hakuwahi kumwona mama mkubwa akikaa mbele ya cherehani bila kushika kitu. "Nilipopata kazi alisema nini?"

"Aliandika barua ndefu. Ndefu kuliko zote."

Aliirudia mashine, akafungua jibu la pili, la tatu, mpaka la tisa. Haikuwemo.

"Hiyo nilimjibu kwa mdomo," fundi alisema kwa sauti ndogo.

Nje mtu alipita akivuta mkokoteni wenye gurudumu linalolia, akatokomea. Karani aliisukuma kompyuta pembeni, akasogeza kiti mpaka magoti yake yakagusa meza ya cherehani.

"Basi niambie wewe."

Fundi Pindo alifumba macho, akaanza kuitafuta barua ile kichwani, neno baada ya neno. Mwanzo alikosea, akasita, akarudi nyuma kuanza upya.