Mizizi ya Mlima

Machimboni walimwita Baruti, na jina likamfuata hadi nyumbani. Kazi yake ilikuwa kutoboa mwamba. Wenzake walijaza baruti kwenye matundu, watu wakakimbilia kando, jiwe likapasuka. Mkewe alipolalamikia vumbi kwenye mashuka, alimjibu kwamba vumbi hilo ndilo linalowapikia.

Kikaja kikohozi kisichoondoka. Daktari aliwaonyesha picha ya kifua, akawaeleza kuwa vumbi la mawe limeng'ang'ania mapafuni na halitoki tena. Kilichobaki ni kupumzika penye hewa safi.

Bintiye, mwalimu wa jiografia, akawa anampeleka kwenye bustani kuu ya jiji. Huko miamba ya kijivu imechomoza katikati ya nyasi, ina mistari myeupe na chembe zinazometameta. Siku ya kwanza mzee aliipapasa, akasema huu ungepasukia hapa, na ule pale. Mazoea yana taabu.

"Baba, hii ni mizizi ya mlima," binti akamwambia.

Akamweleza kwamba zama za kale mlima ulisimama hapo, na mwamba huu ulikuwa chini kabisa, joto na uzito vikiukandamiza hadi ukajikunja. Ule mstari mweupe ulikuwa ufa. Maji ya moto yalipita humo yakaacha madini, yakaganda. Mvua na upepo vikaula mlima kutoka juu, mizizi ikabaki juani.

Mzee aliufuata mstari mweupe kwa kidole. Maisha yake yote alijua jiwe linavunjikia wapi. Hakuwahi kuuliza limetoka wapi.

"Mlima mzima ukaisha?"

"Wote, baba. Ukawa mchanga na vumbi."

"Haba na haba," akasema, mkono kifuani.

Tangu hapo hakutaka kukosa. Mwanzoni alipanda juu ya mwamba, baadaye kwa mkongojo, mwishowe akawa anautazama tu kutoka kwenye benchi. Hapo ndipo alipomwambia mkewe: "Nikifa, msinikatie jiwe. Nimekata ya kutosha."

Alifariki mvua zilipoanza. Wenzake wa machimboni wakaja na jiwe la kaburi, limesuguliwa hadi linang'aa. Binti akawashukuru kwa heshima, akawaeleza wosia wa baba yake. Mkubwa wao alilipangusa jiwe kwa kiganja.

"Shemeji," akamwambia mjane, "hatuwezi kurudi nalo."

Likabaki uani. Kaburi limeota nyasi, na jiwe mama hulikalia anapofua nguo.