Waya na Bonde la Mwisho

Jina lake la shuleni hata yeye mwenyewe alikaribia kulisahau; mtaa mzima ulimwita Waya. Utotoni alikuwa mwembamba mno, na sasa, akiwa na miaka hamsini kasoro miwili, bado hakosi kipande cha waya nyuma ya sikio, kama seremala na penseli yake. Alikuwa fundi wa televisheni. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa bati, kimepakana na kinyozi, na ndani televisheni za zamani, zile zenye chogo, zilibebana mpaka darini, zote zimeelekeza vioo mlangoni. Ukiingia ulijiona umo ndani ya vioo ishirini, mdogo, wa kijivu, unaingia mara ishirini.

Baba yake ndiye aliyemwachia karakana hiyo, pamoja na sheria moja: kitu cha mteja asiyerudi kinakaa rafuni mwaka mzima kimebandikwa tarehe, na ni mwiko kukigusa, hata kukipangusa vumbi. Mwaka ukiisha, ni chako.

Ndivyo walivyoipata mashine ya gemu. Mteja mmoja aliileta Waya akiwa na miaka kumi na moja, akasema inakoroma, akaondoka jumla. Waya na kaka yake walikaa mwaka mzima wakiitazama kule juu, nyeusi, imelala na kaseti zake tatu. Baba alipoishusha, kampuni iliyoitengeneza ilikuwa imeshafungwa. Mashine yenyewe ilikaa madukani miezi kumi na minne tu, ikafa. Hebu fikiria: walianza kucheza kitu ambacho duniani kilikuwa kimekwisha!

Na gemu zake hazikuwepo kwenye mashine nyingine yoyote. Moja ilikuwa ya treni inayopita vyumbani mwa watu waliolala, ikishusha vifurushi ndani ya ndoto zao. Nyingine ilikuwa ya samaki anayeuza taa chini ya ziwa. Lakini iliyowateka roho ilikuwa Mchunga Mawingu. Kijana mdogo anashuka mabonde thelathini na moja akiswaga mawingu kumi na mawili kwa mluzi, na kila wingu lina sauti yake: moja linavuma kama nyuki ndani ya chupa, jingine linalia kinanda. Ukilipeleka wingu pabaya, linanyesha mpaka linakwisha, na halirudi tena. Nyuma ya boksi palikuwa na picha ya bonde la mwisho: kijana ameketi ukingoni mwa bahari, na mawingu yamejilaza juu ya maji.

Walimaliza bonde la thelathini. Hapo kaka akapata kazi ya malori.

"Usiguse mpaka nirudi," alimwambia.

"Naapa sigusi."

Alirudi baada ya mwaka, mdomo umejaa habari za barabara. Waya alipomwekea joistiki mkononi, akacheka. "Bado uko kwenye mambo ya kitoto?" Alipoondoka tu, Waya akawasha mashine, akabonyeza *Anza Upya*. Kaseti ile ilikuwa na nafasi moja tu ya kuhifadhi. Mabonde thelathini yakafutika kwa kidole kimoja. Aibu ikamshika palepale. Akazima, akairudisha mashine rafuni, akaibandika tarehe. Ikakaa huko miaka thelathini na mitatu.

Kisha siku moja simu ikalia. Alikuwa kaka yake, ambaye madereva wenzake walimwita Kilometa.

"We Waya, ile mashine bado unayo?"

"Ipi?"

"Usinichezee. Ya mawingu."

"Ipo."

"Basi sikiliza. Daktari anasema macho haya yanafunga kuanzia pembeni. Mwezi, miezi miwili, hajui. Barabara nimeziona, zimenitosha. Ile bahari sijaiona. Na tulibakiza bonde moja tu, au nimesahau?"

Waya aliishika simu kama ameshika umeme.

"Moja tu, kaka," alisema.

"Wiki tatu nakuja."

Aliifungua kaseti kwa bisibisi ndogo kuliko zote. Meno yake ya shaba yalikuwa yameota kutu ya kijani, kwa sababu zamani kila ilipogoma waliipuliza kwa mdomo, tena kwa nguvu, wakidhani wanatoa vumbi, kumbe wanaitemea mate. Na ile betri ya ndani, bapa kama kifungo cha shati, ilikuwa imekufa siku nyingi. Waya aliitazama muda mrefu. Hata kama asingefuta kitu, betri ile ingefuta yote. Uongo ulikuwa umeshatengenezwa, umewekwa mezani, kazi yake kuuokota tu: *betri ilikufa, kaka.* Nani angejua?

Lakini uongo huo usingemwonyesha mtu bahari.

Akasugua meno kwa spiriti, akalehemu betri mpya, akachomeka.

Toka siku ile akawa anafunga mlango saa saba mchana. Jua lilipenya kwenye matundu ya bati na kuchora vidoa vya mwanga sakafuni, na yeye aliketi katikati ya vidoa hivyo akiswaga mawingu. Wakati mwingine hakujua vidoa viko sakafuni au vimo ndani ya bonde. Vioo vyote vilivyozimika vilirudisha ile picha moja iliyowaka, kwa hiyo mawingu yalipita kila upande wa chumba, taratibu, yakivuma, na mikono yake ikawa ya mtoto wa miaka kumi na minne.

"Fundi!" kinyozi alipiga kelele kupitia ukuta. "Siku hizi unafunga kama benki! Umeficha mchumba humo?"

"Ninao kumi na wawili!"

"Eh! Ndiyo maana nasikia miluzi!"

Alimaliza bonde la thelathini siku moja kabla ya kaka yake kufika. Akahifadhi.

Kilometa aliingia akipapasa fremu ya mlango, mtu mkubwa anayetembea kama ndani ya korido nyembamba. Waya akamvutia kigoda, akawasha. Kaka akasogea mpaka karibu na kioo, kidole chake kikaanza kuhesabu mawingu, moja moja, akizungusha kichwa kizima ili ayapate. Akahesabu tena.

"Yako kumi na mawili."

"Ndiyo."

"Waya. Yetu yalikuwa tisa. Lile la kinanda nililinyeshea mwenyewe bonde la sita, ukaninunia siku mbili. Hili hapa linalia kinanda."

Waya alichomoa kile kipande cha waya sikioni, akakikunja, akakikunjua.

"Nilifuta," alisema. "Ile siku uliyonicheka. Nimeanza moja wiki tatu zilizopita."

Kidole cha kaka kilibaki juu ya lile wingu la kinanda. Chumba chote kikavuma mawingu.

"Na bahari umeiona?"

"Hapana. Nimesimama hapa."

"Kwa nini? Si ulikuwa umeshafika?"

"Nilikuapia."

Kilometa akaanza kucheka, cheko la tumboni lililotikisa kigoda. "Mwehu wewe! Umevunja kiapo mabonde thelathini, halafu ukakishika kwenye moja!" Akajifuta macho kwa kiganja. "Lete hiyo joistiki. Mimi katikati napaona vizuri. Wewe nitazamie pembeni."

Wakashuka. "Kushoto, lile zito linataka kunyesha!" "Nimelipata." "Juu! Juu kaka, linapotea!" "Piga mluzi basi, kitufe kiko upande wako!" Wakagombana, wakapigana viwiko, wakapoteza moja kwenye mwamba wa mwisho, na kila mmoja akasema ni kosa la mwenzake. Halafu bonde likafunguka, na muziki ukanyamaza.

Ilikuwa bahari. Kijana aliketi ukingoni, mawingu yakajilaza, na zaidi ya hapo maji tu, buluu juu ya buluu, yakipumua.

Mteja aligonga bati. Waya hakufungua. Kaka yake alikuwa ameegemea mpaka pua inakaribia kioo, kwa sababu macho yake yalichota kidogo tu kwa mara moja, na alikuwa anaipitia bahari yote kipande kwa kipande, kama mtu anayesoma.

"Usizime," alisema.

"Sizimi."

Mteja akagonga tena, akaondoka. Kilometa bado alikuwa kwenye pembe ya kushoto ya kioo. Bahari ilikuwa bado nyingi.